Mita Mbili na Nusu, Juni

Usiniulize ziwa lina kina gani hapa Luchelele.
Kamba inasema mita tisa, kisha inasita,
inasema tisa na robo, kisha inanyamaza kwa aibu.
Maji hayaishi. Yanazidi tu kuwa mazito,
kama uji uliosahauliwa jikoni,
hadi mahali fulani, pasipo kibao wala jiwe la mpaka,
unaanza kuyaita tope.

Nimelipima. Gramu mia za tope la juu
nililaza usiku kucha kwenye tanuri la maabara,
asubuhi nikakuta gramu tisa
zimejikunja pembeni mwa kibakuli kama ulimi wa mgonjwa.
Zile tisini na moja zilikuwa maji
yaliyojifanya ardhi.

Mama, mfinyanzi, angelitia kinywani, akalisaga kwa meno:
lisilokwaruza halifai chungu.
Angelitema.

Hili ndilo lililoimeza injini ya Lugwisha.
Farasi kumi na tano, mkopo wa Saccos,
skrubu moja haikukazwa, tarehe kumi na mbili Juni.
Kaka yangu alipiga mbizi na kamba kiunoni,
akaingiza mikono hadi mabegani,
akagusa ulaini, na chini ya ulaini, ulaini.
Alipoibuka hakulia. Aliniuliza tu,
wewe msomi wa matope,
imeteremka hadi wapi?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomu.

Leo ni Oktoba. Mugeta ametia nanga mbili, mbele na nyuma,
mtumbwi usitikisike. Nashusha mkuki
wenye vipimajoto saba kiunoni hadi nchani.
Unazama kwa uzito wake, bila kishindo,
kama mtu anayeingia chumba cha wanaolala.

Tope likichomwa hupata homa.
Ni msuguano tu, lakini namba zinaruka,
nawe hunabudi kungoja,
dakika saba, hukohoi, husogezi mguu,
hadi homa ishuke
na tope liseme joto lake lenyewe.

Likasema.
Juu kabisa: ishirini na tano nukta mbili. Oktoba, kama sisi.
Nusu mita na kitu: Septemba.
Mita moja na robo: baridi ya Agosti
ambayo huku juu tumeshaisahau, masweta tumeyarudisha sandukuni.
Joto halina miguu humu. Linapenya polepole
kama habari ya msiba kwa mtu aliye mbali,
na kila hatua linapungua sauti,
hadi mita mbili na nusu,
kipimajoto cha mwisho,
ishirini na nne nukta tisa:
kanong'ono.
Juni.

Niliirudia hesabu mgongoni mwa fomu.
Nikaifuta. Nikaiandika tena.

Tulipouvuta mkuki, tope liliachia pumzi,
mapovu makubwa yenye harufu ya yai viza,
na Mugeta akageuza uso akisema, samahani, si mimi.

Jioni nilimkuta Lugwisha ufukweni akikodi kasia.
Nikamwambia: injini yako, kama iko nilipofika,
kwake bado ni Juni.
Rejesho la kwanza halijafika tarehe.
Alinitazama muda mrefu.
Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi,
kicheko kibaya, cha meno yote,
akasema, kawaambie hivyo Saccos,
wachukue na vipimo vyako wakavipige muhuri.

Kwenye kifundo cha mkono wangu
lilibaki bonge dogo ambalo sikuliosha.
Lilikuwa linakauka, linasinyaa,
likivuta vinyweleo kimojakimoja,
likinirudishia ule ubaridi mdogo
lililokuja nao.