Ipo, Iko, Imo

Kituo cha Mtambwe, mwezi wa kumi.
Naweka gunia. Sindano inatetemeka, inatafuta,
inatulia penye hamsini na moja na nusu.
Bi Zuwena Mjaka hasomi namba, anausoma uso wangu.
"Uzito wa gunia umetoa?"
Nimetoa.
"Na wa mkono wako?"
Tunacheka. Mkono sijauweka.

Miaka kumi na tisa napima karafuu za watu
sijapata kujiuliza anayevuta ni nani.

Anayeuliza ni mwanangu Kauthari.
Yuko ughaibuni, katika chumba kilichochimbiwa chini,
baridi yake, asema, huku kwetu haina jina.
Usiku wangu ni alasiri yake. Sauti yake yaingia simuni:

"Mama, kuna chembe mbili za almasi,
ndogo kuliko vumbi linalobaki jamvini.
Kila moja twataka ikae mahali pawili kwa mpigo,
kisha tuziache zivutane kwa uzito wao tu,
bila sumaku, bila umeme, bila jicho la mtu.
Zikitoka zimefungamana, ukiigusa hii umeijua ile,
basi uzito nao una tabia za kwanta.
Zikitoka kila moja kivyake, basi..."

Mtandao ukakata.

Nikaurudia ujumbe mara nne, mikono ikichambua makonyo.
Kilichonijia si fizikia.
Kilinijia kiboko cha mwalimu wa Kiswahili, Utaani:
ipo, iko, imo si neno moja, enyi wavivu!
Ipo: naiona, nakuonyesha kwa kidole.
Iko: upande ule, usinibane.
Imo: ndani.
Nikamwandikia: chembe yenu, basi,
ikitazamwa ipo, isipotazamwa iko.
Tabu yote hiyo ya nini?

Akaleta kicheko. Akakaa. Kisha:
"Mama, uzito haujajifunza kusema iko.
Kila gunia lako lavuta kutoka mahali pake.
Kitu kilicho huku na huku,
mahali na wakati vijikunje upande gani?
Hatujui. Wala waliotufundisha hawajui."

Nikamkumbuka Ngwali, mdogo wangu,
mwaka ule tawi lilipokatika naye,
kikapu kimejaa, kamba kiunoni.
Aliye juu mngoje chini, walisema;
hawakusema umngoje na machela.
Hospitali ya Wete, nyonga imesagika, akawa akirudia:
"Nikianguka sikuwa na uzito, dada.
Kikapu kilinielea kama cha mtu mwingine.
Uzito niliukuta chini."
Tukadhani ni homa.

Kauthari asema mjomba kanena kweli tupu.
Asema tena: juu ya mkarafuu saa huenda mbio,
kwa kitambo ambacho saa za maabara tu hukiona;
Ngwali, kwa misimu yote aliyopanda,
katuzidi uzee sisi tuliokaa jamvini.
Nikampelekea habari. Akagonga fimbo sakafuni:
"Basi nilipwe hicho kitambo."

Jioni, kituo kimefungwa, niliweka karafuu moja juu ya mizani.
Sindano haikuamka.
Nikaongeza ya pili. Ya kumi. Konzi.
Gunia zima ni hizi hizi, moja moja;
ni ya ngapi iliyoiamsha?
Nilikuwa nikitazama, na bado ilinipita.
Nikamuuliza Kauthari.
"Hilo hasa, mama," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka,
"hilo ndilo linalotukosesha usingizi."
Na huo wakati wenyewe, nikamuuliza, umo ndani ya nini?
Hilo hakulijibu. Kulikuwa kunapambazuka kwangu.

Asubuhi Bi Zuwena karudi, buibui limejaa umande.
"Nyumbani ilipima hamsini na mbili.
Ile nusu kilo iko wapi?"

Ningeweza kumtajia unyevu, jua, mizani ya mwanawe.
Nikasema: iko.

Akanitazama mno.
Kusema ipo sikuweza.