Kijino cha Kushoto

Niliikuta nyuma ya magunia ya makaa,
mpini umeliwa na wadudu, rola imepasuka,
mabapa yote matano yamevaa ile kutu ya unga
inayokufuata hadi kwenye kikombe cha chai.
Perran alinipigia kutoka Truro:
"Thirza, iuze kwa kilo. Chuma ni chuma."
Sikumjibu. Nilikuwa nimeshamimina mafuta ya taa.

Nina miaka tisa. Perran hajazaliwa.
Baba ametoka zamu ya usiku mgodini,
ametandika gazeti uani, ameifungua mashine
aitie grisi kabla nyasi hazijamzidi.
Mimi nimeshika kopo la biskuti.
Humo anadondosha nati, pini, washa,
kila kimoja kinalia ting! kikifika chini.
Nimepewa kazi moja: nisimwage.
Sikumwaga.

Alipomaliza kuifunga, akaisukuma.
Magurudumu yakazunguka, silinda ikakaa kimya,
nyasi zikalala, zikainuka, zikamtazama.
Akalitazama kopo.
Akanitazama mimi.
"Umepoteza kitu," akasema Jabez Nankivell,
mtu asiyerudia neno,
na hilo hakulirudia.
Miaka hamsini nimelirudia kwa niaba yake.
Wiki ile nilichekecha ua mzima kwa kijiko,
nikapata kifungo, jino la paka, senti ya mfalme aliyekufa.

Siku nne za brashi ya waya na msasa.
Mvua ya Camborne juu ya paa la banda,
gololi kumi na moja kwenye kifuniko cha jamu,
mkono wa kulia umevimba, wa kushoto unaucheka.
Siku ya tano nati ya gurudumu ikakubali.
Nikaangaza tochi ndani, nikitafuta pengo.

Hakuna pengo.
Kila kitu kipo, kimelala ndani ya grisi yake nyeusi,
ila kijino cha kushoto kimekaa kulia
na cha kulia kimekaa kushoto.
Vinafanana kama pacha,
vimetofautiana kwa alama ndogo kuliko punje ya mtama,
na macho yaliyokesha chini ya ardhi
hayakuiona.

Nilikaa juu ya ndoo.
Ilinitoka sauti. Sijui niiite nini.
Kuku wa jirani walinyamaza.

Sikuvibadilisha papo hapo.
Mashine iliyofungwa vile, ukiisukuma imelala,
ukiivuta kinyumenyume silinda inaamka,
inazunguka kama mtu anayerudi alikotoka,
na makali yananolewa hivyohivyo, kwa kurudi nyuma.
Nikapaka unga wa kusagia uliokorogwa na mafuta,
nikaivuta kwenye njia ya saruji,
kutoka lango hadi mlango wa jikoni,
mara thelathini, pengine arobaini,
bapa likisuguana na kisu cha chini, shhh, shhh,
kosa la baba likinoa
kilichomshinda kukata.

Ndipo nikaosha. Ndipo nikabadilisha.
Skrubu ya kushoto, robo mzunguko. Ya kulia, chini ya robo.
Ukikaza mno, chuma kinakula chuma.
Ukilegeza, karatasi inakunjwa tu kama shati.
Nilijaribu kwa ukurasa wa mnada wa ng'ombe:
upande huu unakata, katikati unatafuna,
nikarudi kwenye skrubu, nikashika pumzi,
hadi ng'ombe wote wakagawanyika sawasawa
kwa mnong'ono mmoja, mwembamba.

Jioni nilikata mstari mmoja tu,
kutoka mlangoni hadi pale aliposimama.
Nyasi ziliruka, zikanimwagikia miguuni,
kisha mvua ikaanza tena.

Perran akapiga. "Basi, imefika kilo ngapi?"
Nikamwambia, "Vipande vyote vipo."
Akakaa kimya kidogo.
"Vipande gani?"
Nilikuwa na nyasi mbichi ndani ya soksi.