Konokono

Siku ya kuripoti, stoo walinipa godoro
la inchi nne, lenye doa mfano wa kisiwa,
wakanionyesha bweni kwa kidole: ng'ambo ya uwanja.

Hakuna aliyenambia habari ya roshani.

Wakubwa wamejaa ghorofa zote tatu,
na filimbi, na vifuniko vya sufuria,
wanahesabu hatua zangu kwa sauti moja:
"Moja! Mbili! Konokono huyo na nyumba yake!"
Jua la Malindi linanisukuma kisogoni.
Mia mbili na kumi na nne. Nami nilihesabu.

Jina likanganda.
Konokono kwenye foleni ya maharagwe,
konokono maktaba, akiwania kiti cha chini ya feni,
konokono saa nane za usiku, stima imekatika,
Dama Kazungu akinieleza takwimu kwa tochi ya simu,
mabuyu yakitutia wekundu vidole na kurasa.

Nilimpigia mama, Faza.
Nikamwambia chakula ni kizuri, marafiki ninao.
Hilo la marafiki lilikuja kuwa kweli mwezi wa Novemba.

Niliapa: mwakani nitashuka ngazi,
nimshikie mtu ncha ya godoro lake.

Mei nikalirudisha stoo, nikatia saini.

Agosti, kijana akatoka mle ndani,
viatu vipya, uso umefunikwa.
Doa nililijua.

Nani alinipa kifuniko, sikumbuki.
Nakumbuka sauti iliyotangulia wenzake,
nyembamba, ya Kibajuni,
yangu:
"Moja!"