Doa la Ukurasa wa Kumi na Nne

Maboksi matatu yameshuka kutoka kiwandani,
nikavipanga vitabu kati ya vikapu na shanga,
chini ya dirisha ambalo ziwa linachungulia
katikati ya mawe mawili
kama mtu anayependa vitu vya dukani na hana hela.

Kitabu cha mapishi cha shule ya misheni,
mwaka wa thelathini na nne, kimechapwa upya.
Elfu kumi na nane. Risiti ipo.

Wageni wa makumbusho hukifungua, hukinusa.
Kinanuka wino, si kitunguu.
Ukurasa wa kumi na nne una doa la mafuta,
duara la kahawia, kubwa kuliko shilingi,
na kila mteja hulisugua kwa kidole gumba,
kisha: Dada, hiki kimechafuka, nipe kingine.
Nampa kingine.
Nacho kina doa.
Nakala mia tano, madoa mia tano,
yote yalidondoka siku moja
kwenye kijiko kimoja.

Jaladani kuna jina la bibi aliyefundisha usafi.
Jina la mshika kijiko, hakuna.
Ila pembeni, kwa penseli,
mwandiko umelala upande kama mvua ya upepo:
*Maji haya mengi. Punguza.*
Na chini kidogo:
*Ningu hataki limau.*

Mimi Nkwimba, mzaliwa wa Kisesa,
matobolwa nimeyatafuna njia nzima ya shule
hadi taya likaomba poo,
lakini ningu sijawahi kumwonja.
Jumamosi nikashuka Mwaloni, nikauliza.
Mama mmoja, magamba mpaka kwenye nyusi,
hakuinua hata kisu:
Ningu? Kamuulize sangara, ndiye aliyemla.
Meza nzima ikacheka.
Akanipimia sato.

Nikapika nusu kwa kufuata kitabu,
nusu kwa kufuata penseli.
Ya kitabu alikula paka, naye kwa kusitasita.

Jumatatu akaja kijana mwenye miwani,
akasugua, akakunja uso.
Kimechafuka hiki.
Hakijachafuka, nikamwambia. Kimepikiwa.
Akanitazama, akatazama doa, akalipa.
Sijui kama alielewa au alichoka kusubiri.

Nakala yangu iko jikoni, juu ya debe la unga.
Ina madoa mawili sasa:
la chapa, ambalo halinati,
na langu, ambalo linanata.
Penseli niliazima kwa mtoto wa jirani.
*Sato naye hataki.*