Maji Hayana Meno

Aliyetuletea mifuko hii ya miche alisema
imetokana na wanga wa mahindi, itaoza yenyewe.
Kebirungi akaguna tu. Aliandika tarehe juu ya mmoja
kwa kalamu ya wino mzito, akauzika nyuma ya kitalu,
hapa Kabale, ambako ukungu huamka kabla ya watu.

Miezi sita. Akaufukua.
Mfuko mzima. Tarehe inasomeka.
"Mahindi gani haya," akasema, "yasiyojua kuoza?"

Nikamwambia maji ya huku yana baridi,
yanabisha hodi na kuondoka.
Plastiki hii ni mnyororo, pete ndani ya pete,
na kila kiungo kina tundu la ufunguo
ambalo maji yanalijua.
Tone likiingia halitafuni.
Hujigawa lenyewe, nusu huku, nusu kule,
na palipokuwa na kiungo pamebaki ncha mbili
zilizovishwa maji.

Ncha moja ni chachu.
Uchachu ule, ukikosa pa kutokea,
huwafungulia mlango matone mengine,
ndiyo maana mfuko huanza kufa moyoni
ngozi ingali inang'aa.
Uweke kwenye mizani: uzito ule ule.
Uvute kwa vidole: pu!

Ila lazima joto.
Tukauhamishia kwenye lundo la samadi,
lile linalofuka asubuhi kama sufuria ya uji.

Sikumwambia kuhusu tumbo langu.
Mbarara, nilipompata Ndyanabo kwa kisu,
daktari alisema uzi huu hatutautoa.
Nililala nikiuogopa, mgeni asiye na siku ya kuondoka.
Kumbe nilikuwa na joto la kutosha, na maji.
Uzi ulishikilia mpaka nyama ikajishika,
ukaenda zake bila kuaga.

Juzi Kebirungi alichokoa lundo kwa jembe.
Vipande kama maganda ya yai,
na kwenye kimoja, saba ya tarehe, peke yake.
Aliisugua kwa kidole gumba. Ikavunjika.

"Na ile?" akauliza.
Mferejini, kaveera nyeusi
aliyorudi nayo mama yake kutoka sokoni
mwaka ambao mimi sijaolewa.
Mvua ya usiku ilikuwa bado inapita juu yake,
inapapasa, inapapasa,
inatafuta tundu la ufunguo.