Kitufe cha Kumi na Moja

Nilianza na redio tatu mfu za Kiborloni,
nilizopimiwa kwa kilo kama viazi.
Nikazipasua mezani, tochi nimejifunga kichwani kwa mpira,
nikachomoa kapasita moja moja kwa koleo la nyusi
la dada yangu Namkunda. Hajui hadi leo.

Vitufe nilivitoa kwenye vikokotoo viwili vya duka la marehemu baba,
ndiyo maana cha kwanza kimeandikwa saba
na cha mwisho kimeandikwa jumla.

Lehemu ni ghali. Niliichota kwenye mabaki, tone kwa tone,
na moshi wake ukanitoa machozi
hadi mama akauliza mlangoni nani amefariki.

Spika ilikuwa moja, imetoboka. Nikaiziba kwa gundi
na ukurasa wa daftari la hisabati.
Mwili wake kopo la biskuti, lile ambalo kila nyumba
ukilifungua unakuta sindano na nyuzi.
Chakula chake betri kuukuu ya bodaboda.

Hatua kumi na sita.
Sikuchagua mimi; saketi hupenda mbili, nne, nane.
Lakini nilipoziona zimejipanga, taa nyekundu, nane na nane,
nikamsikia mwalimu Kiondo akigonga meza kwa chaki:
ukwapi! utao!
nane huku, nane kule,
na ole wake atakayepunja mizani!

Usiku wa manane, Pasua imelala, ikasema:

du – ti –   ta – ti du
– du    –   ta – ti ti

Ikapunja.
Kitufe cha kumi na moja kilikuwa bubu.
Nilibadilisha waya. Nilibadilisha transista.
Nilipuliza. Nilitukana kidogo, kwa Kipare.
Bado pengo, kila mzunguko, kama jino la mbele.

Ndipo ukuta ukajibu.
Ngo.
Nikapunguza sauti, nikidhani nimemwamsha Mzee Ndelilio.
Ngo, tena, palepale.
Nikaacha mashine izunguke, mikono nimeiweka mapajani.

du – ti –   ta – ti du
– du ngo –   ta – ti ti

Hakukosea hata mara moja. Hadi adhana ya alfajiri.

Asubuhi, bombani, ndoo mkononi, nikaanza kuomba radhi.
Akanikatisha. "Mashine yako inaruka," akasema.
"Nane zikipita, hesabu ya tatu. Nimekuonyesha usiku kucha,
wewe husikii?"
Miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa,
kazi yake kusimama kwenye vumbi la maganda, macho amefumba,
na kuinua mkono kabla mkanda haujakatika.
Ngoma haikumhusu. Alikuwa anatoa taarifa ya hitilafu.

Nikamwambia nitatengeneza.
Sikutengeneza.
Kila usiku nilipunguza mwendo kidogo, kwa ajili ya bega lake,
na kila usiku alitoa taarifa,
na kila asubuhi alinigombeza bombani,
kwa furaha ambayo hakutaka niione.

Mwezi wa sita binti yake alikuja na gari,
godoro, jiko la mchina, fimbo ileile,
wakamhamishia Himo.
Mpangaji mpya ana televisheni.

Nimeipiga kwenye kipaimara cha akina Elinaike.
Watoto walicheza, wakapiga makofi kila mahali
isipokuwa pale.

Jana nimeuona ufa. Mwembamba kuliko unywele,
chini ya kitufe, kwenye njia ya shaba.
Tone moja linatosha.
Tone ninalo. Pasi imeshika moto, ncha inang'aa,
mashine inazunguka chini chini mezani,
nane zimepita,
moja,
mbili,

naichomoa pasi, naiweka kwenye kigae ipoe.