Ukurasa Mtupu

Chupa ya maji ya dukani,
ndani rangi ya kijani, mfano wa mofini.
Ekwaru kaazima koti jeupe;
mikono ya koti imemmeza vidole.
Amuge, juu ya meza mbili zilizounganishwa,
anasema: "Daktari, nipe yote."

Hapo mchezo husimama.
Ukurasa unaofuata niliuacha mtupu,
watu wa Soroti waujaze.

Mmoja akamtaja Mungu, mwingine sheria.
Kijana akauliza kitanda ni shilingi ngapi kwa siku.
Kisha Akiteng, mfagiaji wa ukumbi,
ambaye hakuna aliyemuuliza:
"Wangu naye aliomba hivyo hivyo.
Nilimpa uji."

Ufagio ukaendelea.

Ekwaru bado kaikumbatia chupa.
Amuge akafumbua jicho moja:
"Nina kiu."

Hilo sikuliandika.